Kione Chakula, Ndipo Uchome
Kijitabu cha kaya yenye mgonjwa anayeanza sindano za insulini: Musoma, Bunda na Butiama

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha nyumba ambayo mtu ametoka hospitali wiki hii na kichupa cha insulini mkononi. Akisome mgonjwa. Akisome pia anayepika, anayelala naye chumba kimoja, na mtoto mkubwa anayejua kusoma. Sukari ikimshuka, mgonjwa hawezi kujisomea. Mtamsomea ninyi.

Namna mwili unavyofanya kazi ndani, mwulizeni daktari kliniki. Humu tumeandika mambo ya kufanya nyumbani tu.

Neno la kwanza

Kione chakula kwa macho yako, kimeiva, kiko tayari kuliwa. Ndipo uchome sindano.

Insulini si hukumu

Wengi wakiambiwa waanze sindano hulia, wakidhani wamefika mwisho. Kabla ya dawa hii mtoto aliyeugua kisukari hakuwa na wa kumponya. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini, akiwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo, akaishi miaka mingine 13. Mwezi Aprili mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alizaliwa pale Butiama. Insulini ni rika la Mwalimu. Imezoeleka, imejaribiwa, na inaokoa watu kila siku.

Inaokoa anayeitumia sawasawa.

Usitoke hospitali bila majibu haya

1. Nachoma yuniti ngapi asubuhi, ngapi jioni? Iandikwe kwenye daftari kwa tarakimu, isibaki kichwani.
2. Insulini yangu inafuata mlo au haifuati? Ipo ya kuchomwa karibu nusu saa kabla ya kula, ipo ya kuchomwa wakati wa kula, na ipo ya usiku isiyofuata mlo. Fuata uliyoandikiwa wewe, usifuate ya jirani.
3. Nikiumwa nikashindwa kula, nifanye nini?
4. Nipige simu kwa nani usiku?
5. Narudi kliniki lini?

Kisha omba uchome mwenyewe mbele ya muuguzi, akuone. Anayekusaidia nyumbani naye ajaribu. Muuguzi hatachukia.

Namna ya kuchoma

1. Kama sindano yako inafuata mlo, angalia chakula. Kipo? Kimeiva? Endelea. Hakipo? Weka bomba chini.
2. Nawa mikono kwa sabuni.
3. Soma jina la dawa na tarehe ya mwisho ya kutumika.
4. Kama dawa yako ni nyeupe kama maji yaliyotiwa maziwa, ibiringishe taratibu katikati ya viganja mara 10 hadi 20. Usiitikise kwa nguvu. Kama ni ya kung'aa kama maji, ikiwa na ukungu au ikibadilika rangi, usiitumie.
5. Vuta hewa kwenye bomba kiasi cha yuniti zako, isukume ndani ya kichupa, geuza kichupa juu chini, vuta dawa. Toa mapovu.
6. Choma tumboni, vidole viwili au zaidi kutoka kitovuni, au pajani upande wa nje. Finya ngozi kidogo, ingiza sindano, sukuma dawa yote, hesabu hadi 10, toa.
7. Kesho hama, choma mahali pengine. Ukichoma mahali pamoja kila siku panakuwa na uvimbe mgumu, na dawa haiingii vizuri.
8. Weka alama kwenye daftari hapo hapo.
9. Kula, kwa wakati ulioelekezwa. Usitoke kwenda popote kabla ya kula.

Ukisahau kama umechoma au hujachoma, usirudie. Tazama daftari. Daftari halina alama na huna hakika? Pima sukari, kisha pigia kituo simu.

Kosa linaloleta watu wodini

Tunaijua habari hii hata kabla hatujasimuliwa.

Mama amerudi kutoka shamba la pamba saa 12 jioni, amechoka. Anakumbuka aliambiwa achome asubuhi na jioni. Anachoma. Kisha ndiyo anawasha moto. Kuni zimenyeshewa, hazishiki. Unga hautoshi, mtoto anatumwa dukani. Saa 1 na nusu maji ya ugali hayajachemka. Mama amekaa kwenye kigoda, gauni limelowa jasho, na jiko lenyewe halina moto wa kumtoa mtu jasho. Mwiko unamtoka mkononi. Akiulizwa jambo hili anajibu jingine. Jirani mmoja anasema malaria, mwingine anasema mapepo. Anafikishwa kwetu saa 4 usiku, sukari ni 1.6.

Mama huyu hakupuuza dawa. Alifuata saa. Tunachotaka afuate sufuria.

Sindano ikishaingia haitoki, na haisubiri unga ufike. Ndiyo maana tunarudia: kione chakula, ndipo uchome.

- Nyumbani: ugali umeiva, mboga imeiva, iwe dagaa, sato au mlenda. Sufuria imeshuka jikoni. Ndipo uchome.
- Msibani na harusini: "Chakula kinakuja sasa hivi" si chakula. Nenda na bomba lako na dawa yako. Choma ukishaiona sahani.
- Ziwani: mvuvi wa dagaa, usichome mwaloni ukitegemea kula mtumbwini. Ziwa lina mambo yake. Kula nchi kavu, na ubebe sukari kwenye mfuko wa nailoni usioingia maji.
- Safarini: usichome ndipo ukapande basi, wala usichome ukisubiri kivuko cha Kisorya. Gari huharibika, kivuko huchelewa.
- Shambani na machimboni: kulima, kuvuta nyavu na kuchimba hushusha sukari zaidi. Kula kabla ya kuanza, na uwe na kitu cha kula katikati.
- Kufunga: Ramadhani, Kwaresima au mfungo wa maombi, usianze kabla hujaongea na daktari. Mkesha wa maombi nao ni usiku, kula kwanza.
- Ukila nusu ukashiba, au ukatapika baada ya sindano: usilale. Kunywa chai au uji wenye sukari, pima, na mtu akae nawe.

Chakula kimekosekana kabisa ndani ya nyumba? Usichome kipimo cha mlo ambao haupo, na usikae kimya kwa aibu. Mwambie jirani, piga simu kituoni, nenda siku hiyo hiyo. Anayekaa siku mbili bila insulini naye yuko hatarini, tena hasa mtoto na kijana.

Sukari ikishuka: dalili

Kutetemeka. Jasho la baridi. Njaa ya ghafla. Moyo kwenda mbio. Kizunguzungu. Macho kuona ukungu. Hasira isiyo na sababu. Kuongea mambo yasiyoeleweka. Kupepesuka kama mlevi. Baadaye degedege, kisha kuzimia.

Mtu wa sindano akiwa na moja tu kati ya hizi, ichukulie ni sukari imeshuka mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kipimo kikiwa chini ya 4, imeshuka. Huna mashine ya kupima? Usisubiri mashine. Mpe sukari.

Sukari ikishuka: la kufanya

1. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe. Au nusu chupa ya soda ya kawaida yenye sukari. Au kijiko kikubwa cha asali.
2. Subirini dakika 15 mkiwa naye. Pimeni tena.
3. Bado? Rudia.
4. Akipata nafuu, ale chakula kamili.
5. Andikeni kwenye daftari siku, saa, na kilichotokea. Kikitokea mara ya pili wiki hiyo, nendeni kliniki. Huenda yuniti ni nyingi.

Sukari ya dharura ikae mahali pamoja, kila mtu wa nyumba apajue. Isitiwe kwenye chai ya wageni.

Akizimia

Usimmiminie kitu mdomoni. Atapaliwa afe. Mlaze kwa ubavu, tafuteni usafiri mara moja: zahanati au kituo cha karibu, hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa kwa walio Musoma. Kama njia ni ndefu na hana degedege, paka asali au sukari iliyoloweshwa kidogo kidogo ndani ya shavu la upande wa chini huku mkienda. Mkifika, neno la kwanza liwe: "Anatumia insulini."

Pombe

Gongo na bia hushusha sukari, na ambaye sukari imemshuka akinuka pombe wenzake humwacha alale mpaka afe.

Bomba na yuniti

Bomba la insulini linahesabu yuniti, halihesabu mililita. Insulini tunayotumia kwa watu ina yuniti 100 katika kila mililita, na bomba lake lazima liandikwe 100. Lipo bomba la 40, mara nyingi la dawa za mifugo. Usilitumie. Yuniti zitaongezeka zaidi ya mara mbili, na utaanguka hata kama umekula.

Hesabu mistari vizuri pia. Kwenye bomba kubwa la yuniti 100 kila mstari mdogo kwa kawaida ni yuniti 2. Kwenye bomba dogo la yuniti 50 kila mstari ni yuniti 1. Siku ukipewa bomba tofauti na ulilozoea, mwombe muuguzi akuoneshe mstari wako kwa kidole.

Usichangie bomba na mtu yeyote, hata mume, hata ndugu wa damu.

Kutunza dawa

Insulini huuawa na joto na huuawa na barafu.

Kichupa ambacho hakijafunguliwa kikae kwenye friji, sehemu ya kawaida, kamwe kisikae kwenye friza. Wapo wanaoomba hifadhi kwenye friza la wauza samaki. Dawa ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Huna friji wala jirani mwenye friji? Waombe kituo cha afya wakutunzie vichupa vya akiba.

Kichupa unachotumia kinaweza kukaa nyumbani wiki 4 mahali pa baridi. Andika juu yake tarehe uliyokifungua. Wiki 4 zikiisha kitupe hata kama dawa imebaki.

Mtungi wa udongo unafaa sana. Chukua chungu kikubwa, tia mchanga ndani, weka chungu kidogo juu ya mchanga, jaza mchanga pembeni, umwagilie maji asubuhi na jioni. Dawa iingie kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, ikae ndani ya chungu kidogo. Funika kwa kitambaa chenye maji. Weka kivulini panapopita upepo. Usiweke dawa juu ya kabati chini ya bati, dirishani, wala kwenye mfuko wa pikipiki juani.

Siku ya kuumwa

Homa hupandisha sukari. Usiache insulini kwa sababu unaumwa. Kunywa maji mara kwa mara, pima mara nyingi, jaribu uji kidogo kidogo. Ukishindwa kula kabisa au ukitapika, nenda kituoni siku hiyo hiyo, uulize kipimo cha kuchoma.

Kutapika, tumbo kuuma, kiu kali, mkojo mwingi, kupumua haraka kwa nguvu, pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno: hii ni sukari iliyopanda vibaya. Huku kwetu kila homa huitwa malaria. Pimeni malaria, pimeni na sukari. Msinunue dawa dukani mkalala.

Kikombe, mizizi na maombi

Mwaka 2011 watu wengi mno walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe walichoambiwa kinaponya hata kisukari. Wapo walioacha dawa zao, na ugonjwa ukarudi kuwadai. Ombewa, sindano ikiendelea. Anayekuambia uache sindano kwanza ndipo akutibu, muage.

Mtoto wa shule

Mwalimu wa darasa ajue. Mtoto atoke nyumbani amekula, si ameahidiwa uji wa shule. Mfukoni awe na pipi au sukari, na mwalimu asimnyang'anye. Akisinzia darasani asichapwe. Apewe sukari kwanza.

Mjamzito

Mama mjamzito anayetumia insulini aende kliniki kila anapoitwa, na asibadili yuniti peke yake.



 

Mabomba yaliyotumika

Yatieni kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa irudisheni kituoni. Shimo la taka ni uwanja wa watoto.

Ukurasa wa kubandika jikoni

Ukateni ukurasa huu, mbandike karibu na mafiga, pale mpishi na mgonjwa wanapoonana.

Moto umewaka? Bado.
Maji yamechemka? Bado.
Ugali unasongwa? Bado.
Sufuria imeshuka, sahani iko mbele yako? Sasa choma, kisha ule.