“Jiwe Limenipiga”: Mtoto Anavyoeleza Kuumia Kwake



Mtoto wa miaka mitatu amejikwaa uani, analia. Shangazi anambeba, kisha analichapa lile jiwe kwa kiganja: “Jiwe baya hili! Limempiga mtoto wangu!” Mtoto ananyamaza. Karibu kila nyumba hufanya hivyo, na hufanya kwa mapenzi. Lakini mtoto ameondoka na somo kwamba jiwe lilimkusudia. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akikimbia huku anatazama nyuma, na jiwe lenyewe limebaki palepale njiani.

Kijitabu hiki kinahusu majeraha madogo ya kila siku: magoti yaliyochubuka, kidole kilichobanwa na mlango, ulimi ulioungua kwa uji, mwiba, kipande cha chupa. Kinahusu hasa yanayopita kichwani mwa mtoto baada ya kuumia, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoamua kama atakuja kukuambia au ataficha.

Nimeumia kwa sababu nimekosa

Akifika miaka mitano, sita, mtoto huacha kulilaumu jiwe, akaanza kujilaumu mwenyewe. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1932. Aliwasimulia watoto kisa cha wezi wawili wadogo wa matofaa: mmoja alikamatwa, mwingine akatoroka, akapita kwenye daraja bovu, akatumbukia majini. Je, kama asingeiba, angeanguka? Wengi wa watoto wadogo walijibu kwamba asingeanguka. Wakubwa zaidi ndio walioelekea kusema kwamba ubao ulikuwa umeoza, na ungevunjika hata kwa mtoto mwema.

Watoto wetu husema vivyo hivyo, nasi huwasaidia. “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu” ni methali tuliyolelewa nayo, na ina hekima yake. Ila mtoto wa miaka sita huichukua kama ilivyo: guu limevunjika kwa kutosikia. Tawi kavu la mwembe lililomwangusha halimo katika hesabu yake.

Tazama inavyokuwa ndani ya nyumba. Mtoto amevuta kitambaa cha meza, chupa ya chai imeanguka, mkono umeungua. Ukimwuliza kwa nini, atasema: “Sikumsikia bibi.” Bibi naye anaitikia: “Si nilikukataza!” Kesho mtoto huyo atakuwa mtiifu, lakini kitambaa kinaendelea kuning’inia, na mdogo wake aliyeanza kutambaa juzi tayari anakinyooshea mkono.

Hatari kubwa zaidi ni ya kuficha. Mtoto anayeamini kwamba jeraha ni adhabu huliona pia kuwa ushahidi wa kosa lake. Amekanyaga msumari mahali alipokatazwa kucheza. Atavaa soksi, atachechemea kidogo, atasema hana kitu. Tundu la msumari huwa dogo kwa juu na refu kwa ndani, na ndimo vijidudu vya pepopunda hupenda kukaa. Mtoto aliyepata chanjo zake za wiki ya 6, 10 na 14 ameanza kujengewa kinga, lakini kidonda cha namna hiyo bado kinahitaji kuoshwa na kuonwa na mhudumu wa afya, ambaye ataangalia kama anahitaji chanjo nyingine.

Uulize nini

Mhudumie kwanza, maswali baadaye. Akishatulia, usimwulize “Nani kakufanya?” wala “Ulikuwa unafanya nini huko?” Maswali hayo yanatafuta mkosaji, naye atakutafutia mmoja. Mwulize: “Ilikuwaje?” Kisha nendeni wote mpaka mahali penyewe. Mwonyeshe maji yaliyomwagika sakafuni, mshikio wa sufuria uliotokeza nje ya jiko, panga lililoegemezwa ukutani. Mwulize tufanye nini ili pasimwumize mwingine, na jibu lake likiwa la maana, litekelezeni hapohapo. Sisi tunaamini kwamba mtoto aliyeusogeza mwenyewe mshikio wa sufuria atakumbuka kuliko aliyefokewa mara kumi.

Wa miaka tisa na kuendelea huweza kuunganisha sababu mbili tatu: ndala zilikuwa zimelika, nilikuwa na haraka, ngazi ilikuwa na maji. Akisema “bahati mbaya tu”, usiridhike upesi. Mwombe akusimulie tena.

Hayo hayafuti makatazo. Mkataze, ila mpe na sababu: “Usicheze karibu na jiko, uji ukimwagika utakuunguza” inamfaa kuliko “Usicheze hapo, utakiona.”

Huduma ya kwanza

Akiungua, mwagilia maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia kata na ndoo. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai. Apelekwe kituo cha afya ikiwa jeraha limezidi kiganja chake, au liko usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe; mwahishe hospitali. Mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni.

Jeraha la kuumwa na mbwa tunalisisitiza, kwa sababu ndilo watoto hulificha sana: walimchokoza, wanaona wamestahili. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikitolewa mapema humwokoa mtoto. Basi mtoto wako akija jioni kukuambia kwamba mbwa alimng’ata au alimparuza, hata kidogo, usimgombeze. Mwambie amefanya vyema kusema. Osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo.