Mtoto anaziba masikio blenda ikiwashwa: nifanye nini?

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka minne. Nikiwasha blenda anaziba masikio na kukimbilia uvunguni mwa kitanda. Bodaboda ikipiga honi analia. Juzi tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara, matarumbeta yalipoanza akalia mpaka akatapika. Baba yake anasema namdekeza, tumzoeshe kwa nguvu. Mama mkwe anasema mtoto ana jambo. Mwezi ujao mdogo wangu anaolewa. Je, nimwache nyumbani? Na huu ni ugonjwa? – Mama, Mbagala.

JIBU: Mama, nianze na baba: huyo mtoto hadeki. Mtoto wa miaka minne hajifanyishi mpaka akatapika. Kuogopa kelele kubwa na za ghafla ni kawaida kwa watoto wa umri huo, na wengi huacha wakikua. Lakini jinsi mnavyomshughulikia sasa inaweza kuipunguza hofu hiyo au kuikuza.

Hofu hiyo ina vyanzo viwili. Kwanza, sikio. Ndani yake kuna msuli mdogo kuliko yote mwilini, umeshikamana na mfupa mdogo kuliko yote. Kelele kubwa ikiingia, msuli huo hukaza na kupunguza nguvu ya sauti inayokwenda ndani. Lakini unahitaji sehemu ndogo ya sekunde kufanya hivyo, na mwanzo wa honi inayolia ghafla huwa umeshapita. Pili, ubongo. Wewe unajua blenda itanyamaza ukibonyeza swichi. Yeye hajui. Kwake kelele inaanza bila taarifa na haijulikani itaisha lini, na hilo humtisha pengine kuliko ukubwa wa sauti yenyewe.

Kuhusu matarumbeta, mtoto alikuwa na haki yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asisikilize sauti ya desibeli 75 kwa zaidi ya saa 40 kwa juma, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo ukatwe nusu. Muziki wa sherehe hufika desibeli 100 kirahisi. Piga hesabu: hapo mtoto anabakiwa na dakika kama saba na nusu kwa juma zima. Kwa hiyo anayeziba masikio mbele ya spika anafanya jambo ambalo sisi wakubwa tulipaswa kulifanya.

Hata hivyo, kabla ya kusema ni hofu tu, masikio yapimwe. Baada ya mafua ya mara kwa mara, majimaji hukaa nyuma ya ngoma ya sikio na kuvuruga usikivu. Yapo pia masikio yanayoshangaza: hayasikii sauti ndogo, ilhali sauti kubwa yanaziona kubwa kupita kiasi. Mtoto wa namna hiyo ukimwita jina haitiki, ukipiga kelele analia, nanyi mnadhani ana kiburi. Kuchukia kelele huonekana pia kwa watoto wengi wenye usonji, lakini dalili hiyo peke yake haitoshi kusema mtoto ana usonji. Tazama na mengine: je, huitika akiitwa? Hukuonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukitazame? Hucheza na wenzake? Maneno yake yanaongezeka, au aliyokuwa nayo yamepotea?

Mama mkwe msikilizeni kwa heshima, ameona kweli kwamba mtoto anateseka. Ila asimtie chochote sikioni: mafuta ya moto, kitunguu swaumu wala dawa ya majani. Kama ngoma ya sikio imetoboka, mtaongeza tatizo la pili.

Sasa tuje nyumbani. Yako makosa mawili yanayofanana madhara. La kwanza ni kumlazimisha: mjomba anambeba mpaka kwenye spika "azoee". Anachojifunza hapo ni kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli na kwamba watu wazima hawaaminiki. La pili ni kumfichia kila sauti. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwavalisha watu wazima vizibo vya masikio kwa majuma mawili. Walipovitoa, sauti zilezile za zamani waliziona kubwa zaidi. Sikio lililozibwa kutwa huongeza ukali wake. Vizuia kelele viwe vya harusini, au vya siku fundi anapokata vyuma mlangoni. Visiwe vya kushinda navyo sebuleni.

Njia iliyo katikati ni kumpa mtoto mamlaka juu ya kelele. Chukua hiyo hiyo blenda. Siku ya kwanza isichomekwe kwenye umeme. Aishike, atie vipande vya ndizi na parachichi, afunike kifuniko. Siku nyingine akae chumba cha pili, umwambie: "Nawasha, nahesabu mpaka tatu, nazima." Hesabu kwa sauti, na ufikapo tatu uzime kweli. Ukimdanganya mara moja, mnaanza upya. Akizoea, asogee mlangoni, kisha mezani. Mwisho abonyeze mwenyewe, sekunde moja tu, halafu anywe juisi aliyoitengeneza. Asivuke hatua hadi iliyotangulia iwe imemchosha kwa urahisi wake. Inaweza kuchukua majuma, msimharakishe. Honi za bodaboda unaweza kuzirekodi kwenye simu, mkazisikiliza kwa sauti ya chini, kitufe cha kupandisha akishike yeye.

Akianza shule ya awali, mwalimu ajue mapema. Shule nyingi kengele ni ringi la gari linalogongwa kwa chuma, na hilo hushtua hata wakubwa. Mwombe mwalimu amtaarifu kabla halijagongwa, na siku akiwa tayari aruhusiwe kuligonga mwenyewe.

Harusini aende, kwa mpango. Fikeni mapema kabla muziki haujapanda, ili auone ukumbi ukiwa umetulia. Msikae mbele ya spika. Nje, ukiongeza umbali mara mbili kelele hushuka kama desibeli 6. Ukumbini haishuki kiasi hicho kwa sababu kuta na mabati huirudisha, kwa hiyo tafuteni meza iliyo karibu na mlango. Mnunulieni vizuia kelele vya watoto vinavyofunika sikio zima. Pamba haisaidii sana, na vizibo vidogo vinaweza kumkaba akivitia mdomoni. Kubalianeni ishara ya mkono ya kusema "nimechoka", na awepo mtu mmoja, shangazi au dada, ambaye kazi yake ni kumtoa nje akiiona. Atolewe kabla hajalia. Akitulia na kutaka kurudi, arudi. Akikataa, zawadi atamkabidhi bibi harusi kesho yake.

Kama mna baa jirani, kelele zake zinazokesha ni suala jingine, mtoto hana wajibu wa kuzizoea. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo msimamizi wake. Anzeni na ofisi ya serikali ya mtaa.

Kipimo cha masikio msikicheleweshe: mpeleke hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo ikiwa sikio linauma au linatoa usaha, hasikii vizuri, maneno yamechelewa, au hofu inamzuia kula, kulala au kwenda shule. Msisubiri miadi kama kelele zimeanza kumsumbua ghafla baada ya kugonga kichwa, uso umepinda upande mmoja, au ana homa kali pamoja na shingo kukakamaa na kukimbia mwanga. Hayo ni ya siku hiyo hiyo.

Kabla ya kwenda, andika kwenye daftari kwa juma moja: sauti gani ilimsumbua, saa ngapi, alikuwa na njaa au usingizi, alifanya nini, na alitulia baada ya muda gani. Mwachie daktari alisome daftari hilo. Litamwonyesha mengi ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuyaeleza.