Kijana Anapobalehe: Fundisho kwa Wazazi na Walimu wa Kipaimara

Mwezi huu twaleta somo ambalo wengine watalisoma upesi na kuligeuza karatasi wakiona watoto wanapita. Tusingalilileta kama hatungalijua jinsi kunyamaza kwetu kulivyowadhuru watoto wengi. Twamjua mama mmoja, mwenye watoto wanne sasa, ambaye alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu aliona damu katika nguo zake akiwa shuleni. Alidhani ameumia ndani alipokuwa akiruka kamba. Kwa siku mbili alikaa kimya, amejifunga kipande cha kanga kuukuu, akingoja kufa. Siku ya tatu nyanya yake aliona, akamwita mama yake, na mama akasema neno moja tu: “Sasa umekua, usiguswe na wavulana.” Basi, hakuongeza lingine. Tangu siku hiyo, mvulana wa darasani akimgusa mkono katika kupokezana kitabu, yeye hulia usiku, maana alidhani amepata mimba. Miaka minne baadaye, alipomjia mwanamume mwenye maneno matamu, alikuwa amekwisha kutambua kwamba kuguswa mkono hakuleti mimba. Kwa hiyo aliona kwamba maneno yote ya mama yake yalikuwa ya kutishia watoto. Mimba yake ya kwanza aliipata hivyo.

Wazee wetu hawakunyamaza namna hii. Huko Uzaramo binti aliyevunja ungo aliitwa mwali, akawekwa ndani kwa miezi, na zamani hata kwa miaka, akifundishwa na wanawake wazima. Pwani binti alikuwa na somo yake au kungwi wake. Wavulana walikuwa na jando. Na mafundisho waliyopewa vijana wa Kichaga yalikuwa mengi hata Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekaa Old Moshi, alipoyakusanya yalijaza vitabu vitatu vikubwa, vilivyopigwa chapa kati ya mwaka 1932 na 1938. Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Mengine yalikuwa vitisho tu. Na penye desturi ya kukeketa wasichana palikuwa na maumivu na madhara yasiyopona, jambo ambalo sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 ililikataza kwa binti aliye chini ya miaka 18. Lakini mtoto hakuachwa peke yake na mwili wake. Sisi tumemwondoa kungwi, wala hatukuweka mtu mahali pake. Mama hudhani mwalimu amesema, mwalimu hudhani mama amesema, mchungaji hudhani wote wawili wamesema, naye mtoto huuliza simu ya mkononi, au rafiki aliyemzidi umri kwa miezi mitatu.

Basi tuanze na mwili wenyewe, jinsi unavyofanya kazi.

Chini ya ubongo iko tezi ndogo, yapata ukubwa wa punje ya mbaazi. Katika miaka ya utoto tezi hiyo imetulia kwa habari ya uzazi. Wakati wake ukifika ubongo huiamsha, nayo hupeleka katika damu vichocheo ambavyo madaktari huviita homoni. Vichocheo hivyo hufika kwenye ovari za msichana, yaani vile vifuko viwili vya mayai vilivyo chini ya tumbo, na kwenye korodani za mvulana. Hapo viungo hivyo huanza kutoa homoni zao wenyewe, na mengi tuyaonayo kwa macho hutoka huko: matiti, ndevu, sauti, kimo, chunusi, na jasho lenye harufu ambayo mtoto hakuwa nayo jana.

Saa ya kuamka kwa tezi hiyo si moja kwa wote. Wasichana walio wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya miaka 9 na 14. Kwa hiyo katika darasa moja la sita waweza kumwona msichana aliyewapita wavulana wote kwa kimo, na karibu naye mvulana aliye kama mtoto wa darasa la tatu, nao wote wawili ni wazima. Haifai kumcheka huyu wala kumtazama yule kama mwanamke mzima. Mwili wake umetangulia, lakini akili yake ingali ya mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Kwa msichana, dalili ya kwanza mara nyingi ni titi linaloanza kuota. Huwa gumu kama kifungo, huuma likiguswa, na pengine huanza upande mmoja tu, hata mama akadhani ni uvimbe wa ugonjwa. La pili hufuata baada ya miezi michache. Kisha huja mavuzi na nywele za makwapa, nyonga hupanuka, kimo huongezeka upesi, na ute mweupe huonekana katika nguo. Damu ya kwanza huja, kwa kawaida, yapata miaka miwili au miwili na nusu baada ya matiti kuanza. Twawaomba akina mama walitafakari jambo hili. Hakuna mama awezaye kusema kwamba alishtukizwa. Mwili wa mtoto umempa habari miaka miwili mbele.

Na damu hiyo ni nini? Mji wa mimba hujiandaa ndani kwa utando laini wenye damu, kama mtu atandikaye kitanda kwa mgeni. Ovari hutoa yai moja. Yai lisipokutana na mbegu ya mwanamume, mgeni hakuja, na utando ule hubomoka na kutoka. Hutoka kwa siku mbili hadi saba, nayo damu yote pamoja ni kama vijiko viwili au vitatu vya mezani, ingawa mtoto akiiona hudhani ni nyingi mno. Katika miaka ya kwanza haifuati kalenda vema: toka mwanzo wa damu moja hata mwanzo wa nyingine huenda zikapita siku 21, huenda zikapita 45, na pengine mwezi mmoja huruka kabisa. Baba asimpige binti yake kwa sababu ya mwezi ulioruka. Lakini na jambo hili lijulikane: yai laweza kutoka kabla ya damu ya kwanza kuonekana, kwa hiyo binti asiyevunja ungo bado aweza kushika mimba.

Tena damu hiyo si uchafu wala si laana. Tumesikia ya kuwa katika sharika nyingine wako wasichana wanaokaa nyumbani Jumapili kwa kuwa wako mwezini, na wengine huogopa kuimba katika kwaya. Mwanamke yule aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili aligusa vazi la Bwana katikati ya watu, wala hakufukuzwa. Sisi hatuoni kwa nini binti wa miaka kumi na mitatu afukuzwe.

Kuhusu vitambaa twataka kusema kidogo, maana hapa ndipo aibu inapoleta ugonjwa. Kitambaa laini cha pamba chafaa, na pedi ya dukani yafaa. Lililo kubwa ni kubadilisha kila baada ya saa nne mpaka sita. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na maji safi ya baridi, kisha kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Wasichana wengi huvificha chini ya godoro vikiwa na unyevu, wasije wakaonwa na kaka zao, na unyevu huo huleta mwasho na vidonda. Mama, mpe mwanao kamba yake ya kuanikia. Pedi ni ghali kwa wengi. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu yake mwaka 2004. Tanzania iliiondoa mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019, Serikali ikisema kwamba bei madukani haikushuka. Mambo ya kodi hatuyawezi sisi. Lakini mlango wa choo cha shule wenye komeo, na ndoo ya maji ndani yake, hayo wazee wa kamati ya shule wayaweza kabla ya mwezi kwisha.

Maumivu ya tumbo siku ya kwanza na ya pili ni ya kawaida. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa husaidia, na kutembea kidogo, na dawa ya ibuprofeni baada ya kula. Lakini maumivu yanayomlaza binti kitandani kila mwezi si ya kuvumiliwa. Apelekwe kwa daktari. Kadhalika apelekwe ikiwa damu hupita siku saba, au pedi hujaa kila saa moja au mbili, au ikiwa ametimiza miaka 15 bila kuona damu, au miaka 13 bila dalili ya matiti, au ikiwa dalili zimeanza kabla ya miaka 8. Na akipelekwa, aulizwe kama amepata chanjo ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ilianza kutolewa kwa wasichana Tanzania nzima mwaka 2018.

Sasa wavulana, ambao husahauliwa zaidi, kwa kuwa mwili wao hauleti damu. Korodani ndizo zinazoanza kukua, na ngozi ya pumbu hulegea na kubadilika rangi. Baadaye uume hukua, mavuzi huota, koo hutokeza, na sauti hupasuka, leo nene kesho nyembamba, mpaka itulie. Kimo chao huongezeka kwa kuchelewa, yapata miaka miwili nyuma ya wasichana, lakini kikianza hukimbia: mvulana aweza kurefuka sentimita 9 kwa mwaka mmoja. Akimaliza sufuria ya ugali peke yake asiitwe mlafi.

Mvulana huamka asubuhi moja na kukuta nguo zake zimelowa manii. Hakuugua, hakurogwa, wala hakutenda dhambi katika usingizi. Mwili umeanza kutengeneza mbegu, na zilizozidi hutoka. Nguvu zake hazipungui hata kidogo. Wengine jambo hili haliwapati kamwe, nao pia ni wazima. Vilevile uume husimama wenyewe, pasipo kuwaza neno lolote, hata katikati ya somo la hesabu. Mwalimu, ukimwita mvulana ubaoni naye akakataa kuinuka, mwite mwingine kwanza.

Liko jambo moja ambalo kila mvulana sharti alijue, na kila baba. Korodani hutundikwa kwa mshipa, na mshipa huo waweza kujisokota ghafula, damu isipite. Maumivu yake ni makali, huanza mara moja, pengine usingizini, pamoja na kutapika. Tena huenda mvulana akasema tumbo linauma kwa kuona haya kutaja mahali penyewe. Korodani ikifunguliwa kwa upasuaji ndani ya saa sita, mara nyingi huokoka. Ikikaa zaidi huanza kufa. Hapa haya yaweza kumgharimu kiungo. Usimkande kwa maji ya moto, usingoje asubuhi, usimpe mitishamba. Mpeleke hospitali usiku ule ule.

Na habari ya mimba isemwe wazi, kwa wavulana na kwa wasichana. Mimba huja mwanamume na mwanamke wanapokutana kimwili, na mbegu zikaingia. Mara moja yatosha, hata ikiwa ndiyo mara ya kwanza. Kuoga upesi hakuzuii, wala kusimama hakuzuii. Wafundishwe pia kwamba hakuna mtu mzima mwenye ruhusa ya kuwashika viungo vya siri, ijapokuwa ni mjomba, au mwalimu, au mtumishi wa kanisa, na kwamba wakishikwa na kusema, hawatapigwa.

Katika darasa moja la kipaimara tuliwapa vijana vipande vya karatasi, waandike maswali bila majina. Mvulana mmoja aliuliza kama atageuka kuwa msichana, maana chuchu zake zimevimba na kuuma. Tulimjibu kwamba karibu nusu ya wavulana huvimba hivyo wakati wa kubalehe, na kwamba kwa walio wengi huisha wenyewe kabla ya miaka miwili. Mwingine aliuliza kama ni kweli kwamba kijana asiyelala na mwanamke hupata ugonjwa wa mgongo. Si kweli, mgongo haujui habari hizo. Swali la tatu liliandikwa kwa mwandiko mdogo sana: “Mama yangu hayupo. Nimwambie nani?”

Hatukuwa na jibu tayari. Tulisema shangazi, au nyanya, au mwalimu wa kike, lakini tuliona kwamba majina haya hayamtoshi mtoto asiyejua ni yupi kati yao atakayemsikiliza. Jumapili iliyofuata mwalimu wa kipaimara aliwauliza akina mama wa usharika ni nani yuko tayari, na wawili wakasimama. Majina yao yalisomwa mbele ya darasa. Wakaweka katika kabati la ofisi ya usharika sanduku lenye vitambaa, pedi, sabuni, na chupi mpya, na ufunguo hukaa kwao, si kwa mzee wa kanisa. Kabla ya mwezi kwisha sanduku hilo lilikuwa limefunguliwa mara saba.