Unataka Kuitafiti Taiwan? Anza na Maktaba, Pesa Baadaye

Mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kuandika tasnifu kuhusu Taiwan hukutana kwanza na diplomasia. Kenya na Tanzania zinaitambua Beijing, kwa hiyo Taiwan haina ubalozi katika nchi hizo. Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipoipa Beijing kiti cha China, ujumbe wa Tanzania chini ya Salim Ahmed Salim ulikuwa miongoni mwa walioshangilia waziwazi ukumbini. Leo Eswatini ndiyo nchi pekee ya Afrika yenye uhusiano kamili wa kibalozi na Taipei, ingawa kuna ofisi za uwakilishi Afrika Kusini na, tangu 2020, Hargeisa huko Somaliland. Hilo halizuii utafiti. Ila visa na maombi ya ufadhili vitapitia ofisi iliyo nchi nyingine, na barua zitachukua muda. Uliza mapema ni ofisi ipi inayohudumia nchi yako.

Wengi huanza kwa kusaka ufadhili. Mimi ningeanza na vitabu, kwa sababu sehemu kubwa ya hazina ya Taiwan imefunguliwa mtandaoni bila malipo. Maktaba Kuu ya Taifa mjini Taipei inaendesha hifadhi ya tasnifu za vyuo vikuu vya nchi hiyo, ndltd.ncl.edu.tw. Tasnifu nyingi zina ikisiri mbili, moja ya Kichina na nyingine ya Kiingereza. Andika kwa Kiingereza neno la mada yako, iwe ni mahekalu, chai au wafanyakazi wahamiaji, kisha soma ikisiri kadhaa. Jioni moja tu itakuonyesha nani anatafiti nini na yuko chuo gani. Tasnifu nyingi hupakuliwa nzima baada ya kujisajili. Jina la msimamizi wa tasnifu liandike pembeni. Huyo ndiye utakayemwandikia utakapohitaji mwenyeji.

Kwa historia, mlango mkubwa ni Academia Sinica, iliyoko Nangang mjini Taipei. Taasisi yake ya Historia ya Taiwan ina nyaraka nyingi za utawala wa Japani, yaani 1895 hadi 1945. Maktaba ya Taifa ya Taiwan, iliyo jiji jirani la New Taipei, imerithi vitabu vya serikali hiyo ya kikoloni. Anayetafiti mauaji ya Februari 1947 au miaka ya sheria ya kijeshi, iliyodumu kuanzia 1949 hadi 1987, aelekee kwenye Nyaraka za Taifa na Makumbusho ya Taifa ya Haki za Binadamu. Jiji la Tainan lina makumbusho mawili ambayo hayapaswi kurukwa, ya historia na ya fasihi.

Mada ichague kwa ujanja. Usiende kushindana na wenyeji katika jambo wanalolijua kuliko wewe. Tafuta pale historia yao inapokutana na yetu. Kwa mfano, mwaka 1961 Taipei ilianza kutuma mabwana shamba Afrika, ikianzia Liberia, kwa mpango ulioitwa Operesheni Vanguard. Walifundisha kilimo cha mpunga, na kilichotafutwa hasa ni kura za nchi changa za Afrika katika Umoja wa Mataifa. Rwanda ilikuwa miongoni mwa waliopokea timu hizo. Faili za Wizara ya Mambo ya Nje za enzi hizo zimehifadhiwa katika Taasisi ya Historia ya Kisasa ya Academia Sinica, lakini mzee aliyelima mashamba yale hamo ndani ya faili. Anayeweza kukaa naye na kumhoji kwa Kinyarwanda au Kiswahili ana kitu ambacho profesa wa Taipei hana.

Bahari nayo ina habari zake. Serikali ya Taiwan inatambua makabila 16 ya wenyeji asilia, na lugha zao ziko katika familia moja na Kimalagasi. Wanaisimu wengi wanaamini familia hiyo ilianza kusambaa kutoka Taiwan, na matengo ya ngalawa zetu mara nyingi huhusishwa na mabaharia wa familia hiyo.

Kizingiti halisi ni lugha. Aliyesoma Kichina kwenye Taasisi ya Confucius hapa kwetu amezoea herufi zilizorahisishwa, ilhali Taiwan huandika kwa herufi za jadi, na mtihani wao wa lugha ni TOCFL, si HSK ya China Bara. Anza kuzizoea ukiwa bado nyumbani. Wizara ya Elimu ya Taiwan hutoa ufadhili wa kujifunza lugha, Huayu Enrichment Scholarship, kuanzia miezi miwili hadi mwaka mmoja, na nafasi zake hugawanywa kupitia ofisi za uwakilishi. Asiyetaka kungoja lugha anaweza kusoma shahada ya uzamili au uzamivu kuhusu Asia-Pasifiki kwa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Chengchi.

Kwa wahadhiri na wanafunzi wa uzamivu, ufadhili wa kuulenga ni Taiwan Fellowship wa Wizara ya Mambo ya Nje. Ulianza 2010, na huchukua miezi 3 hadi 12. Profesa na profesa mshiriki wamekuwa wakipewa dola za Taiwan 60,000 kwa mwezi, wengine 50,000, pamoja na tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi. Hakikisha viwango vya mwaka unaoomba. Maombi mengi hudhoofishwa na mpango wa utafiti unaosema mwombaji anataka kuielewa jamii ya Taiwan. Taja faili, hekalu au kijiji, na taasisi iliyo tayari kukupokea.

Ukishakuwa na rasimu, itafutie wasomaji. Jumuiya ya Ulaya ya Masomo ya Taiwan, iliyoanzishwa 2004, na ile ya Amerika Kaskazini, iliyoanzishwa na wanafunzi 1994, huandaa makongamano kila mwaka. Chuo cha SOAS mjini London kina kituo chake cha masomo ya Taiwan, na tangu 2018 lipo jarida la International Journal of Taiwan Studies.

Dirisha la Taiwan Fellowship kwa kawaida hufunguliwa Mei mosi na kufungwa Juni 30. Anayelenga dirisha la mwakani amwandikie mwenyeji wake kabla mwaka huu haujaisha.