Kuwapima Vijana wa Houston

Katika nchi ya Marekani uko mchezo upendwao sana, nao huitwa besiboli. Mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu, na mtu wa timu ya pili humngoja na gongo mkononi ili aupige. Akiupiga vema hukimbia kuvizunguka vituo vinne, na akirudi salama pale alipoanzia, timu yake hupata bao moja. Timu kubwa hucheza mara 162 katika mwaka. Kwa hiyo udhaifu wa timu haufichiki.

Katika mji wa Houston, jimbo la Texas, iko timu iitwayo Astros. Mwaka 2011 ilishindwa mara 106, mwaka 2012 mara 107, na mwaka 2013 mara 111. Mwisho wa mwaka 2011 Jeff Luhnow alipewa kazi ya kuisimamia. Yeye na wasaidizi wake hawakutafuta kwanza wachezaji wenye majina makubwa, maana timu ile ilikuwa kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Kuipaka chokaa si kuitengeneza. Walikusudia kuijenga tena tangu msingi, kwa vijana. Siku zile timu iliyoshindwa kuliko zote ilikuwa na haki ya kuchagua kwanza miongoni mwa vijana wapya wa mwaka. Haki hiyo ni kubwa, lakini yataka macho, kwa kuwa kijana wa miaka 17 si mchezaji kamili. Ni mbegu tu.

Namna ya kupima

Tangu zamani wakaguzi wa besiboli humpima kijana kwa mambo matano: kuupiga mpira mara nyingi bila kukosa, kuupiga kwa nguvu, kukimbia, kurusha, na kudaka. Warushaji wana kipimo chao wenyewe. Kila jambo hupewa alama toka 20 hata 80, na 50 ni kadiri ya mchezaji wa kawaida wa timu kubwa. Tena huandikwa alama mbili: ya kwanza ni ya leo, na ya pili ni ile itazamiwayo akiisha kukomaa. Kijana aweza kupewa 30 ya leo na 60 ya kesho. Ugumu wote wa kazi hii umo katika nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili.

Watu wa Houston walitumia pia hesabu, wakizitia pamoja na macho ya wakaguzi. Hesabu husaidia kwa njia tatu. Kwanza huulizwa umri. Vijana wawili wakipiga mpira sawasawa katika ligi moja ya chini, mmoja ana miaka 19 na mwenzake 23, tumaini kubwa ni la yule mdogo, kwa kuwa amewafikia wakubwa wake naye bado anakua. Pili, hutazamwa kama mpigaji ajua kuiacha mipira mibaya. Mwenye pupa hupiga kila mpira. Warushaji hodari wakimgundua, humtega kwa mipira mibaya mpaka ashindwe. Tatu, hesabu humfundisha mkaguzi asimhukumu mtu kwa siku chache. Mchezaji hodari aweza kukosa juma zima, na dhaifu aweza kubahatika.

Walioonekana na wasioonekana

Huko Maracay, katika nchi ya Venezuela, José Altuve alikwenda kujaribiwa na watu wa Astros akiwa na miaka 16. Walipouona ufupi wake walimrudisha nyumbani. Kesho yake alirudi, akaruhusiwa kucheza, na mwaka 2007 aliandikwa kwa dola 15,000, fedha kidogo sana katika mchezo huo. Kimo chake ni futi 5 na inchi 6, lakini mwaka 2014 alipata mapigo 225 yaliyomfikisha kituoni, akawapita wote katika ligi yake. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwaka 2012 Astros walimchagua kwanza Carlos Correa, kijana wa miaka 17 wa kisiwa cha Puerto Rico. Mwaka 2015 aliingia ligi kuu, akapewa tuzo ya mchezaji mpya bora wa ligi yake. Hapo waliona vema.

Lakini mwaka 2013 walimchagua kwanza mrushaji Mark Appel, wakamwacha Kris Bryant. Appel hakuichezea Astros katika ligi kuu hata siku moja. Alifika huko mwaka 2022 tu, akiwa na timu ya Philadelphia. Bryant alichukuliwa na timu ya Cubs ya Chicago, na mwaka 2016 akawa mchezaji bora wa ligi yake.

Kosa juu ya J. D. Martinez lilikuwa la namna nyingine. Baada ya msimu wa 2013, ambao hakufanikiwa, alibadili kabisa namna yake ya kuuzungusha gongo. Mwezi Machi 2014 Astros walimwondoa bila kumpa nafasi ya kutosha ya kuonyesha alilojifunza. Alama ya jana ilimziba mtu wa leo. Akachukuliwa na timu ya Detroit, akawa mpigaji mkubwa, na mwaka 2017 alipiga mipira 45 iliyovuka ukuta wa uwanja.

Mavuno na aibu

Hata hivyo mavuno yalikuja. Mwaka 2017 Astros walishinda mara 101, kisha wakawashinda Dodgers wa Los Angeles na kupata ubingwa. Altuve akawa mchezaji bora wa ligi yake.

Mwezi Januari 2020 wakuu wa besiboli walitangaza kwamba katika mwaka ule ule wa ubingwa Astros walidanganya. Kwa kamera walizitazama ishara za siri za wapinzani, kisha wakagonga pipa la taka ili kumjulisha mpigaji ni mpira wa namna gani ujao. Timu ilitozwa dola milioni 5. Luhnow na kocha A. J. Hinch walisimamishwa kwa mwaka mmoja, wakaondolewa kazini. Tena timu ilinyang'anywa nafasi zake za kwanza na za pili za kuchagua vijana katika miaka ya 2020 na 2021. Hivyo waliojengwa kwa kuchagua vijana walipigwa katika haki ile ile ya kuchagua. Ubingwa haukuondolewa, lakini watu wakaanza kuutilia shaka. Njia ya mwongo ni fupi.

Basi apimaye vijana na atumie kipimo, wala asikidharau. Lakini apime tena na tena, kwa maana kijana hubadilika. Na akiisha kuhesabu mbio na nguvu, atazame pia kama kijana huyo ni mwaminifu pale asipoonekana.

Maswali

1. Taja mambo matano wanayoyatazama wakaguzi.
2. Kwa nini kila jambo huandikiwa alama mbili?
3. Eleza tofauti kati ya kosa la kumwacha Bryant na kosa la kumwondoa Martinez.
4. Kiongozi wa timu ya shule amfanyeje mwenzake aliyecheza vibaya mwaka jana? Toa sababu.