Bibi wa Sengerema na Mjukuu wa Surabaya

"Mwanangu mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Sengerema, nina miaka 61. Kijana wangu alikwenda Indonesia kusoma, akaoa hukohuko Surabaya, na sasa nina mjukuu wa miaka minne. Tukipigiana simu ya video mtoto ananisimulia mambo kwa furaha, mimi nabaki kucheka tu. Baba yake hutafsiri, lakini akiwa kazini tunatazamana. Nimesema nitajifunza lugha yao. Mume wangu ananitania kwamba nataka kuwa ngumbaro uzeeni, na kijana mwenyewe anasema, 'Mama, usijisumbue.' Je, nimechelewa? Bibi wa Sengerema."

Hajachelewa. Na mume wake amekosea kuchagua neno la utani, maana kandokando ya Ziwa Victoria ungumbaro, yaani kisomo cha ukubwani, una historia ya kujivunia.

Kati ya mwaka 1968 na 1972 Tanzania, ikisaidiwa na UNESCO, iliendesha mradi wa kisomo cha watu wazima katika mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Makao ya mradi yalikuwa Mwanza. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata Ukerewe, ng'ambo tu ya maji, ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo zilizotakiwa kufuta ujinga kabisa. Watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima wote nchini mwaka 1967, walishuka hadi asilimia 39 ulipofanyika mtihani wa taifa mwaka 1975. Waliokaa madarasani walikuwa wazazi, na wengine walishapata wajukuu. Mume wa bibi huyu akiupekua ukoo wake mwenyewe hatakosa ngumbaro mmoja au wawili.

Kinachomhusu zaidi bibi ni vitabu vya mradi ule. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu kinachozungumzia pamba, na mvuvi alipewa kinachozungumzia uvuvi. Wenyewe walikiita kisomo chenye manufaa: herufi zilifuata kazi ya mtu, hazikuitangulia. Mtu alisoma kuhusu dawa ya wadudu jioni, kesho yake asubuhi akaikuta shambani.

Kazi ya mwandishi wa barua sasa ni ubibi, na somo lake lianzie hapo. Hatari kubwa kwake ni ualimu wenyewe. Mwalimu mstaafu akipewa kitabu cha lugha ataanza sura ya kwanza, atafanya mazoezi yote, atajisahihishia kwa kalamu nyekundu, na baada ya miezi mitatu atajua kusema kwamba kalamu iko juu ya meza. Mtoto wa miaka minne hana habari na kalamu. Yeye anataka kusema amekula nini, paka amekwenda wapi, nani amemsukuma, mvua imenyesha, tazama hiki. Maneno kama mia mbili ya jikoni, uani na kitandani yatamfikisha bibi mbali kuliko kitabu kizima.

Kuhusu umri, ukweli una pande mbili. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Marekani, Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker, walichapisha uchunguzi wa watu karibu 670,000 wanaojua Kiingereza, wakaona kwamba wepesi wa kunasa sarufi huanza kupungua mtu akiwa na miaka 17 hivi. Kwa hiyo bibi asitarajie kuzungumza kama aliyezaliwa Surabaya. Lakini uchunguzi mwingine wa mwaka 1978, uliofanywa Uholanzi na Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle, uliwafuatilia wageni wa rika mbalimbali waliokuwa wakijifunza Kiholanzi, na katika miezi ya mwanzo watoto wadogo ndio walioachwa nyuma na vijana na watu wazima. Mtu mzima anajua lugha hufanyaje kazi. Aliyelelewa Sengerema anajua zaidi, maana hapa mtu huzungumza Kisukuma nyumbani, Kiswahili shuleni, na akikaa na majirani Wazinza au Wajita huokota na chao. Bibi ameshajifunza lugha mara kadhaa, ila hakuna aliyempa cheti.

Tena ana bahati na lugha yenyewe. Mkwe angekuwa Mvietinamu, kazi ingekuwa nzito: Kivietinamu cha kaskazini kina toni sita, na ingawa sikio la Msukuma limezoea maneno yanayotofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, sita ni nyingi. Kiindonesia hakina toni. Kinaandikwa kwa herufi za Kilatini na husomwa kama kilivyoandikwa, ilimradi akumbuke kwamba herufi c hutamkwa ch, na ng ni ile ya ng'ombe. Chuo cha lugha cha wanadiplomasia wa Marekani huwapa wanafunzi wake wiki 36, yaani saa 900 hivi, kwa Kiindonesia, muda uleule kinaoutoa kwa Kiswahili. Kivietinamu na Kithai hupewa wiki 44. Bibi akitenga nusu saa kwa siku atatimiza saa 900 baada ya miaka mitano. Hiyo ni kazi ya balozi, lakini. Kumtania mjukuu hakuhitaji ubalozi.

Kuna maneno atakayoyakuta yakimsubiri, kwa sababu Waarabu na Wareno walifanya biashara pwani zote mbili: dunia, bendera, kursi, meja, sabun, kertas, waktu. Habari gani ni apa kabar. Vitenzi havibadiliki kwa wakati, na ukimuuliza mtoto sudah makan, yaani umeshakula, naye hajala, atajibu belum, bado, kama ambavyo angejibu mtoto wa Sengerema. Mjukuu ni cucu. Bibi aliseme kwa tahadhari akiwa sokoni, kwa jinsi linavyotamkwa.

Kuna jambo moja la kuuliza kabla ya kununua daftari. Surabaya iko Java Mashariki, na nyumba nyingi huko huzungumza Kijava, lugha nyingine kabisa yenye ngazi za heshima: mdogo hasemi na mkubwa kwa maneno anayoyatumia kwa rika lake. Kiindonesia ni lugha ya taifa. Vijana wa mwaka 1928, walipokula kiapo cha umoja tarehe 28 Oktoba, waliichagua lugha iliyotokana na Kimalei cha bandarini na sokoni ingawa Wajava walikuwa wengi zaidi, sawa na Tanzania ilivyochukua Kiswahili huku Wasukuma wakiwa kabila kubwa kuliko yote. Kwa hiyo bibi amuulize mkwe wake: mtoto akiamka usiku analia kwa lugha gani? Jibu ndilo litakaloamua. Ikiwa ni mchanganyiko, ashike Kiindonesia na aongeze salamu za Kijava kwa wazazi wa mkwe. Faida ya lugha iliyojifunzwa na wengi shuleni ni kwamba wenyewe wamezoea kusikia lafudhi za kila namna, hawamkati mtu maneno.

Mwalimu wake bora ni huyo mkwe. Kila wiki amtumie kwa WhatsApp sauti fupi za maneno kumi aliyoyasema mtoto wiki ile, bibi ayaandike kwa mkono, ayarudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Mtu aliyefundisha darasa la kwanza hahitaji kuelezwa faida ya marudio. Programu za simu kama Duolingo zinacho Kiindonesia, ila maelezo yake ni ya Kiingereza; zimfae kama mazoezi ya pembeni. Serikali ya Indonesia nayo ina mpango wa kufundisha wageni unaoitwa BIPA, wenye vitabu kwenye intaneti, ambao utamfaa mwaka wa pili na si sasa. Na mama wa mkwe, yaani bibi mwenzake, amwite Ibu, asimtaje kwa jina kavu. Aliyekua akiamkia wakubwa kwa Mwangaluka na Shikamoo hatapata shida hapo.

Kijana aliyesema "usijisumbue" anastahili kuambiwa kitu pia. Amejifanya mkalimani wa kudumu kati ya mama na mwanawe, na siku asipokuwepo familia nzima inanyamaza. Pengine anamhurumia mama. Huruma hiyo aigeuze Kiswahili: azungumze na mtoto Kiswahili kila siku wakati wa kuoga na wa kula, hata kama mtoto anajibu kwa Kiindonesia. Bibi akifika na maneno yake mia mbili na mjukuu akawa na yake mia mbili, watakuwa na lugha mbili za kugombania.

Kuhusu miadi ya simu, Surabaya iko mbele ya Sengerema kwa saa nne, hivyo saa nane mchana hapa ni saa kumi na mbili jioni kule, mtoto bado yuko macho. Lakini Waindonesia huhesabu saa kama Waingereza. Mkwe akisema jam delapan, delapan ikiwa nane, anamaanisha saa mbili ya Waswahili; bibi akiishika kama ilivyo atapiga simu saa nane, na kama ni ya usiku atamwamsha mkwe alfajiri. Wakubaliane kutumia saa ya simu yenye tarakimu, na kila mara wataje ni saa ya wapi.