SOMO: Jarida la aina gani? Kuchagua kabla ya kuchora



Somo hili ni la walimu, viongozi wa kambi na wazazi wanaosindikiza vijana katika kazi ya kutengeneza jarida. Kazi yenyewe inajulikana: kikundi cha wanafunzi kinabuni jarida dogo, kinapanga kurasa, kinachora jalada, kisha kinawaonyesha wengine. Inahitaji karatasi, kalamu, rula na uvumilivu, na hivyo hata shule ya hema inaweza kuifanya. Lakini mara nyingi vijana huanza na jalada. Wanaandika jina kwa herufi kubwa, wanapaka rangi, na siku ya tatu wanauliza: "Mwalimu, sasa ndani tuweke nini?"

Swali hilo linajibiwa na aina ya jarida. Kuna majarida ya habari, ya michezo na muziki, ya hadithi za picha, ya afya na jamaa, ya kilimo na ufundi, ya dini, ya simulizi za maisha. Kila aina ina desturi zake, na kila aina inadai kitu kwa yule anayeitengeneza. Sisi tulijifunza jambo hilo kwa kukosea.

Tulivyoanza vibaya

Kikundi tulichokisindikiza kilikuwa na wanafunzi 12. Sita walikuwa watoto wa wenyeji, sita walikuwa wa jamaa zilizokimbia vita. Walipoulizwa wanataka jarida gani, walijibu kwa sauti moja: la habari. Tukafurahi, tukawaacha waendelee. Baada ya juma moja wakabandika ukurasa wa majaribio kwenye ukuta wa shule. Habari ya kwanza ilihusu ugomvi wa kwenye bomba la maji. Waliandika jina la kijana aliyemwaga bidoni ya mwenzake, na wakaandika ametoka upande gani.

Jioni mama wa kijana yule alifika shuleni akilia kwa hasira, na nyuma yake walikuja wajomba wa mtoto. Upande wa pili nao wakasikia, wakaja. Wazee wawili, mmoja wa kambi na mmoja wa kijiji, walikaa nao mpaka usiku. Karatasi iliondolewa. Ugomvi ambao bombani ulikuwa umekwisha kwa dakika tano sasa ulikuwa na maandishi.

Kosa halikuwa la watoto. Sisi wakubwa hatukuwaambia jarida la habari linadai nini. Linadai mwandishi asikie pande zote mbili. Linadai ajue jina lipi liandikwe na lipi lifichwe. Zaidi ya yote linadai kutoka mara kwa mara, ili kosa la leo lisahihishwe kesho. Jarida la shule linalotoka mara moja kwa muhula haliwezi kujisahihisha kabla ya miezi mitatu, na miezi mitatu ni mirefu sana kwa jina la mtu kukaa katika midomo ya watu.

Tena, nani anangoja jarida la shule ili apate habari? Kwetu Kongo habari zinakuja kwa redio. Radio Okapi ilianza mwaka 2002, ikasema kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Ziko pia redio ndogo za mitaa. Jarida likishindana na redio kwa habari, litashindwa kila siku. Lifanye kazi ambayo redio haiwezi, yaani kubaki mkononi, kukunjwa, kuwekwa chini ya mkeka na kusomwa tena.

Picha za kuchekesha nazo zipimwe

Baada ya ajali ile wanafunzi walisema: basi tuchore tu vichekesho, havina hatari. Hapo tuliwasimamisha, maana eneo letu hili lina kumbukumbu mbaya. Gazeti la Kangura, lililoanza Rwanda mwaka 1990, lilitumia maandishi na pia katuni kuwadharau Watutsi na kuwafanya waonekane adui. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, mhariri wake alishtakiwa mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha, na katika rufaa ya mwaka 2007 adhabu ikawa miaka 35. Tuliwaeleza vijana kwamba katuni huingia kwa mtu haraka kuliko maneno, hata kwa asiyejua kusoma. Wakati wa kuchora pua, nguo au namna ya kusema ya mtu, swali ni hili: anayechorwa akiiona picha hii, atacheka pamoja nasi?

Kufungua majarida ya wengine

Ndipo tukaanza upya, safari hii kwa kuchunguza. Kusanyeni majarida yoyote mnayoyapata: ya zamani, yaliyochanika, ya kanisa, ya msikiti, ya kampuni za simu, ya afya. Hata yale yaliyofungiwa karanga sokoni yanafaa. Yagawieni kwa watu wawili wawili. Wasisome kwanza. Wahesabu: picha ngapi, maneno mengi au machache, nani anaonekana kwenye jalada, matangazo ya biashara mangapi, barua za wasomaji ziko wapi. Kisha waseme jarida hili linamfikiria msomaji gani. Mwanamume au mwanamke? Mwenye pesa? Aliyesoma miaka mingapi?

Hapa usiwaharakishe. Kijana mmoja aligundua kwamba katika jarida la mitindo alilolipenda sana kila ukurasa wa pili ulikuwa unauza kitu, na hapakuwa na hata kitu kimoja ambacho mama yake angeweza kununua. Hakuna mwalimu aliyemwambia.

Tukawaeleza pia mifano ya mbali kidogo. Kinshasa ina historia ndefu ya hadithi za picha. Mchoraji Papa Mfumu'eto, kuanzia karibu mwaka 1990, alichora vitabu vidogo kwa Kilingala cha mitaani, vikauzwa kwa bei ndogo sokoni, na watu waliozoea kusema "sisi si wasomaji" wakavisoma. Nchini Kenya, Shujaaz ilianza mwaka 2010 kwa lugha ya vijana wa mjini, na iligawiwa bure. Ndani ya hadithi zake iliweka maarifa ya kazi, kwa mfano kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwachukue. Tanzania ilikuwa na jarida la Si Mchezo!, lenye picha nyingi na Kiswahili chepesi, lililotengenezwa kwa ajili ya vijana wa vijijini wasio shuleni.

Mfano uliowagusa zaidi ni wa zamani sana. Kule Kiungani, Unguja, wamisionari Waingereza walikuwa na shule iliyopokea wavulana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Walitoka katika makabila mengi ya bara, na wengi wao walijifunza Kiswahili baada ya kuondolewa kwao. Mwaka 1887 simulizi za baadhi yao zilichapwa katika kitabu kwa Kiingereza: jinsi walivyokamatwa, jinsi walivyotengwa na wazazi. Mwaka uliofuata, 1888, shuleni hapo likaanza jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Humo wanafunzi waliandika habari za shule yao, na wenzao waliokwenda kufundisha mbali walituma habari za huko.

Shule ni ileile, lakini hizo ni aina mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inaeleza kidonda kwa watu wa mbali. Ya pili inawaunganisha wenyewe kwa wenyewe. Nitasema wazi: sisi wa mashirika tunaipenda mno ile ya kwanza. Tunamwomba mtoto aliyekimbia vita aandike alivyokimbia, kisha tunapiga picha. Simulizi za namna hiyo zina mahali pake, lakini zinahitaji mtu mzima anayejua kumsindikiza mtoto baada ya kuandika, na hazifai kuwa kazi ya kupewa alama darasani. Msichana mmoja wa kikundi chetu alisema, "Mimi nataka kuandika kitu ambacho sikukimbia nacho." Tuliondoa aina hiyo katika orodha.

Karatasi nayo ina sauti

Viongozi wengi wanasahau jambo hili: mashini ya fotokopi inachagua pamoja nasi. Picha iliyopigwa kwa simu, ikipita kwenye fotokopi ya rangi nyeusi, mara nyingi inatoka kama masizi. Mchoro wa mistari mieusi unatoka safi. Kwa hiyo jarida la mitindo au la mpira, ambalo linategemea picha nzuri za rangi, litawavunja moyo vijana wenye fotokopi tu. Hadithi za picha na maelezo ya ufundi hayataumia.

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4. Hivyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4: kurasa 8 ni karatasi mbili, kurasa 12 ni tatu. Katika jarida la kurasa 8, ukurasa wa 1 unakaa karatasi moja na wa 8, wa 2 na wa 7, wa 3 na wa 6, wa 4 na wa 5. Kila jozi ikijumlishwa inatoa 9, na hapo mtagundua kosa kabla ya kumaliza pesa. Acheni nafasi ya sentimita moja kila ukingo, kwa sababu fotokopi haifiki mwisho wa karatasi. Maandishi ya kusomwa na wazee, tena jioni kwa mwanga wa taa, yasiwe madogo.

Ukurasa mmoja kwa kila aina

Zilibaki aina tatu: hadithi ya picha ya kubuniwa, afya ya nyumbani, na maarifa ya kazi za mikono. Wanafunzi walitaka kupiga kura. Tuliwaomba wangoje, wakatengeneza kwanza ukurasa mmoja tu wa kila aina, wakaupeleka kwa watu: kwenye foleni ya maji, kwa fundi baiskeli, kwa akina mama wanaouza sombe. Waliagizwa wasieleze chochote. Wampe mtu ukurasa, wanyamaze, watazame macho yake yanaanzia wapi na yanaishia wapi.

Ukurasa wa afya uliwachosha watu. Ulikuwa umejaa "usifanye hivi, usifanye vile", na watu wa kambi wameshaambiwa mengi. Hadithi ya picha ilichekesha, lakini kila mtu aliuliza huyu shujaa ni wa upande gani, na watoto hawakuwa na jibu. Ukurasa wa kazi za mikono ulionyesha kwa michoro sita namna ya kujenga jiko la udongo linalobana kuni. Watu waliuchukua na kwenda nao, na wanafunzi wakalazimika kuuchora tena.

Kuni kwetu si jambo dogo. Wanaozitafuta ni wanawake na wasichana, njia zake ni za hofu, na miti inayokatwa ina wenyewe kijijini. Jiko linalopunguza kuni linapunguza sababu moja ya kugombana. Hatukuwaambia wanafunzi hayo, waliyasikia kwa wasomaji wao.

Wakachagua jarida la kazi za mikono, pamoja na sharti walilojiwekea wenyewe: kila maarifa yaulizwe kwa mtu mmoja wa kambi na mtu mmoja wa kijiji, na tofauti zao zichorwe bila kusema nani anajua zaidi. Sombe ilipata kurasa mbili, kwa sababu hawakupatana juu ya mawese.

Kabla ya kupeleka kurasa kwenye fotokopi walimpelekea nyanya mmoja wa kijijini ukurasa wa jiko. Hajui kusoma. Alifuata michoro kwa kidole, moja baada ya nyingine, akasimama kati ya wa nne na wa tano. "Wajukuu wangu," akasema, "hapa mmeruka. Udongo haujakauka na nyinyi mmeshawasha moto." Wakarudi kuchora mchoro wa saba.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

Katika kambi au kijiji chenu, habari zinafika kwa njia gani, na ni kitu gani ambacho njia hiyo haiwezi kukileta? Jarida mnalolifikiria litamlazimisha mwanafunzi kuongea na nani ambaye leo haongei naye? Ni majina na picha za nani zisichapwe hata wenyewe wakikubali? Nani atasoma ukurasa wa majaribio kwanza, na nani kati yenu ataweza kunyamaza wakati anausoma?